Radi ya Sumbawanga inakwenda wapi?

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, jioni ya kwanza hosteli, tulikaa vitandani tukajitambulisha. Mmoja anatoka Moshi, mwingine Tanga, mwingine Masasi. Zamu yangu ilipofika nikasema natoka Sumbawanga. Kimya kidogo, halafu kicheko. "Wazee, huyu msimguse, atatutumia radi!" Nami nikacheka. Ungefanya nini? Kufikia wiki ya pili jina langu lilikuwa limeshasahaulika. Nilikuwa Radi, na Radi nikabaki mpaka siku ya mahafali.

Kila Mtanzania anaujua utani huo. Ukigombana na Mfipa unaambiwa uangalie mawingu. Mtu akiibiwa anatishia kwenda Sumbawanga. Hata jina la mji wenyewe linaelezwa kwa mkondo huohuo: wengi watakwambia kwamba kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi", yaani anayeingia mjini aache mambo yake hapo nje. Ajabu ni kwamba jina linalowaambia watu waache uchawi ndilo limegeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi.

Utani ni utani mpaka radi ipige kweli. Nikiwa na miaka miwili kazini kama mwandishi wa habari, nilitumwa kijiji kimoja cha uwanda wa Ufipa. Ng'ombe wanne walikuwa wamekufa chini ya mti mmoja. Nilifika na maswali ya kawaida ya kazi yetu: saa ngapi, hasara shilingi ngapi, nani alikuwa karibu. Mkutano wa kijiji ulikuwa na swali moja tu: nani kaituma? Hakuna aliyetaja jina, lakini macho yalikuwa yameshachagua. Yalimwangalia mama mmoja mjane, rika la bibi yangu, aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mwenye ng'ombe. Mwenyekiti alijitahidi kutuliza watu. Yule mama alikaa tu, kanga imefunika kichwa, hakusema neno. Wiki haijaisha akahamia kwa binti yake, wilaya nyingine. Habari niliyoandika ilikuwa na aya nne. Yeye hakuwemo.

Tangu siku ile nimekuwa nikilibeba lile swali, na nimegundua lina sehemu mbili. Radi inatoka wapi? Hiyo shuleni wanafundisha: wingu kubwa, chembe za barafu zinazosuguana ndani yake, chaji hasi huku na chanya kule, halafu cheche. Sehemu ya pili ni radi inakwenda wapi. Mwalimu wetu alisema inaingia ardhini, basi, kwisha habari. Kumbe haiishi hapo. Sehemu ya nguvu yake inapanda juu na kutoka nje ya anga, na historia ya watu walioifuata huko imepita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani. Imepita Unguja, imepita Malindi, na imefika mpaka kwenye miezi ya sayari ya Mshtarii.

Mimi niliikuta historia hiyo kwa kuanzia mwisho. Tarehe 7 Juni 2021 chombo cha NASA kinachoitwa Juno kilipita jirani na Ganymede, mwezi mkubwa kuliko yote ya Mshtarii, kwa umbali wa kilomita zipatazo 1,000 tu. Desemba ya mwaka huo wanasayansi wakatoa sauti ya sekunde 50 iliyotengenezwa kutokana na vipimo vya siku ile. Ikasambaa kwenye simu za watu dunia nzima. Mhariri akaniambia, andika kitu kifupi, watu wanapenda mambo ya anga. Nikasikiliza, simu imebanwa sikioni. Filimbi, mikwaruzo, mlio kama wa redio inayotafutiwa stesheni. Katikati sauti inapanda ghafla, kana kwamba chombo kimevuka kizingiti na kuingia nyumba nyingine. Nikajiuliza: wamewezaje kusikia, na huko hakuna hewa?

Jibu ni kwamba si sauti kama hii ya kwetu. Kilichopo huko ni plazma. Usitishwe na neno. Ukiipa gesi nguvu ya kutosha, elektroni zinachomoka kwenye atomu na unabaki na chembe zenye chaji zinazozurura huru. Hiyo ndiyo plazma. Imo ndani ya taa ya tyubu ikiwaka. Jua lote ni plazma. Ule mstari mweupe wa radi unaouona kufumba na kufumbua, nao ni plazma. Kwa kuwa chembe zake zina chaji, ukizitikisa hapa, za kule zinahisi, na mtikisiko unasafiri kama wimbi la umeme na sumaku. Mengi ya mawimbi hayo hutetemeka mara mia kadhaa au elfu kadhaa kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango cha mitetemo ambacho sikio la binadamu linakisikia kikiwa sauti. Kwa hiyo ukilinasa wimbi kwa antena ukalipeleka kwenye spika, unasikia. Yakiwa juu ya uwezo wa sikio, kama yale ya Juno, yanashushwa kwanza.

Na kati ya mawimbi hayo kuna aina moja ambayo wanafizikia wameipa jina la mluzi. Nilipouliza jina limetoka wapi, nikarudishwa kwenye radi.

Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu vita hiyo ilifika kabisa: Wajerumani walikuwa na boma Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali walipopaita Bismarckburg, na Waingereza wakaliteka Juni 1916. Huko Ulaya, katika vita hiyohiyo, mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen alikuwa na kazi ya kudukua simu za adui. Walichomeka vyuma ardhini, wakaviunganisha na mashine za kukuza sauti, wakasikiliza mazungumzo yaliyokuwa yakivuja kwenye udongo. Lakini mara kwa mara maneno yalifunikwa na mlio wa ajabu, mluzi unaoanza juu na kushuka taratibu mpaka chini. Askari walidhani ni mizinga inayopita hewani. Barkhausen aliandika kuhusu milio hiyo mwaka 1919, bila kuweza kueleza sawasawa inatoka wapi.

Jibu lilipatikana mwaka 1953, Uingereza, kwa kijana wa Cambridge aitwaye Owen Storey. Alionyesha kwamba mluzi ni radi. Radi ikipiga inatoa mawimbi ya redio ya kila kiwango kwa pamoja, ndiyo maana redio ya masafa ya kati inakwaruza kila inapomulika. Sehemu ya mawimbi hayo hupenya juu, hushika mistari ya sumaku ya dunia kama gari linavyoshika barabara, hupanda mbali angani, kisha hushuka upande wa pili wa ikweta. Njiani yanapita kwenye plazma, na humo mawimbi ya mitetemo mingi hukimbia kuliko ya mitetemo michache. Yametoka pamoja, hayafiki pamoja. Yale ya sauti nyembamba yanatangulia, ya sauti nzito yanafuata, na sikio linausikia mpangilio huo kama mluzi unaoshuka.

Fikiria bodaboda na lori vimetoka Tunduma saa ile ile kuja Sumbawanga. Ukisimama Laela utaona vimepishana kidogo. Ukivisubiri Sumbawanga mjini, bodaboda ameshakunywa chai ndiyo lori linaingia. Ukijua mwendo wao, ule muda wa kupishana unakwambia safari ilikuwa ndefu kiasi gani, bila wewe kuisafiri. Storey alifanya hesabu ya namna hiyo. Akagundua kwamba huko juu, maelfu ya kilomita kutoka ardhini, mahali ambapo wengi walidhani ni patupu, kuna elektroni nyingi mno. Mwaka ni 1953. Setilaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa 1957. Yaani kabla binadamu hajatuma kitu chochote huko, radi ilikuwa imeshakwenda na kurudi na habari.

Niwe mkweli hapa, maana utani wa radi umenifundisha kutozidisha chumvi. Milio hii husikika vizuri ardhini katika nchi zilizo mbali na ikweta. Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, kwa hiyo mistari inayopita kwetu ni mifupi na haipandi mbali. Lakini radi zetu nazo hupenya, na setilaiti zinazopita chini zinazinasa. Radi iliyoua wale ng'ombe wanne, kabla watu hawajakusanyika chini ya mwembe kuuliza nani kaituma, sehemu yake ilikuwa imeshatoka nje ya anga na kuelekea kaskazini mwa ikweta. Hilo lingeweza kusemwa kwenye mkutano ule. Mimi sikulijua.

Baada ya Sputnik, kazi ya kusikiliza ikahamia angani kwenyewe, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Kwanza ilikuwa Zanzibar. Wamarekani walipoandaa mradi wa Mercury, wa kumpeleka mtu wao angani, walihitaji vituo vya redio kuizunguka dunia, na kimoja wakakiweka Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye. Wapo wanasiasa wa visiwani waliokitilia shaka kituo hicho tangu mwanzo, wakihofia ni mambo ya kijeshi na makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ikataka kiondoke, na mwaka huohuo kikaondoka.

Miaka hiyohiyo, vijiji vya Ufipa vilikuwa vinapitiwa na Kamcape. Hili lilikuwa kundi lililodai kuwatambua wachawi na kuwasafisha. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti kwa Wafipa wakati huo, aliliandikia makala iliyotoka mwaka 1968. Nikiziweka habari hizi mbili pamoja huwa naona picha ya nchi moja yenye masikio mawili. Unguja kuna mashine zinazomsikiliza mtu anayepita juu ya mawingu. Ufipa kuna watu wanasikiliza nani atatajwa leo. Miezi michache tu baada ya Mapinduzi, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa jamhuri moja, lakini hayo masikio mawili hayakuwahi kukaa meza moja.

Halafu ikawa Malindi. Italia, chini ya profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, ilikubaliana na Marekani kurusha setilaiti kutoka majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Mradi uliitwa San Marco. Sababu ya kuja huku ilikuwa ikweta. Dunia inapozunguka, mahali penye ikweta ndipo panapokimbia zaidi, kwa hiyo roketi inapata msukumo wa bure. Na ukitaka setilaiti izunguke juu ya ikweta yenyewe, ni rahisi zaidi kuirushia papo hapo. Setilaiti ya kwanza ilitoka Aprili 1967. Inayokumbukwa kuliko zote ilitoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei. Wanafunzi wa unajimu wa kisayansi popote duniani wanalitamka hilo neno letu.

Lakini iliyonishika mimi ni ndogo yake, ambayo haikupata jina zuri. Iliitwa Explorer 45. Ilirushwa kutoka majukwaa hayohayo tarehe 15 Novemba 1971, uzito wake kilo 50 hivi, kama gunia la saruji. Ilitumwa kuzunguka karibu kabisa na ikweta, ikipanda zaidi ya kilomita 26,000 na kushuka tena, ili ipite ndani ya ule mkondo wa chembe zenye chaji unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba za sumaku. Njia yake ilipita juu ya Ziwa Victoria, kaskazini kidogo tu ya kwetu. Ndani yake, pamoja na vifaa vingine, kulikuwa na kifaa cha kusikiliza mawimbi ya plazma kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, chini ya kijana aitwaye Donald Gurnett.

Gurnett alikulia Iowa, nchi ya mashamba ya mahindi. Napenda hilo, maana na sisi Ufipa ni wa mahindi. Alianza akiwa mwanafunzi, kwa kifaa cha kusikiliza miluzi kilichopanda na setilaiti ya chuo chake mwaka 1962. Akaendelea hivyo maisha yake yote mpaka alipofariki Januari 2022. Explorer 45 ilikuwa kituo kimoja tu cha safari hiyo, ila kilikuwa kituo chenye faida. Mwezi mmoja baada ya kurushwa, Desemba 1971, dunia ikapigwa na dhoruba ya sumaku, na setilaiti ikiwa palepale ilipotakiwa. Mwaka 1973 Roger Anderson na Gurnett walichapisha walichokinasa. Mojawapo ya mawimbi ya aina hiyo wanasayansi waliyaita kwa jina la kelele za ndege wa alfajiri, kwa sababu ukiyasikia kwenye spika ndivyo yalivyo, kama asubuhi ya msimu wa mvua kwenye msitu wa Mbizi, ndege wote wanapiga kelele kabla jua halijatoka.

Na hapa lazima nieleze kitu ambacho mwanzoni kilinichanganya. Wale "ndege" si watoto wa radi. Wanazaliwa na elektroni zenyewe zilizonaswa kwenye sumaku ya dunia. Lakini wimbi ni la namna ileile: linatii kanuni ileile, linafuata mistari ileile ya sumaku. Kwa kuwa radi ndiyo iliyolifunua kwanza, familia yote ya mawimbi hayo ikapewa jina la mluzi wake. Ni kama ukoo ambao babu mmoja alitangulia kuhamia, na waliomfuata wote wakaitwa kwa jina lake.

Kutoka Malindi twende mbali. Machi 1979 chombo cha Voyager 1 kilipita Mshtarii kikiwa na kifaa kingine cha Iowa. Kilipokuwa katika wingu la plazma linalofuata njia ya Io, mwezi wenye volkeno, kifaa kikanasa milio inayoanza juu na kushuka. Gurnett alikuwa ameisikia maelfu ya mara hapa duniani. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Ilikuwa miluzi, na mluzi ni radi. Kamera za Voyager nazo ziliona mimuliko upande wa usiku wa sayari. Kwa mara ya kwanza ikathibitika kwamba radi hupiga hata nje ya dunia yetu. Sasa niambie nani kaituma hiyo.

Miaka kumi na saba baadaye ikaja zamu ya Ganymede. Huu ni mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya mfumo wa jua, upana wake kilomita 5,268, mkubwa hata kuliko sayari ya Utaridi. Chombo cha Galileo kilifika Mshtarii Desemba 1995 kikiwa kilema: antena yake kubwa, iliyofanana na mwavuli, iligoma kufunguka, kwa hiyo habari zilirekodiwa kwenye mkanda na kutumwa nyumbani kwa kudondokadondoka kupitia antena ndogo. Tarehe 27 Juni 1996 kikapita kilomita 835 juu ya Ganymede.

Rekodi ya kifaa cha mawimbi inasomeka kama hadithi. Kwanza ukimya wa kawaida wa njiani. Ghafla kelele za kila kiwango zinalipuka kwa pamoja, kama mvua ya mawe kwenye bati. Kisha milio ya kundi la mluzi, na "ndege" wa alfajiri. Baada ya dakika kadhaa mlipuko mwingine wa kelele, halafu ukimya unarudi. Anayeifahamu dunia alilitambua umbo hilo mara moja, maana ndivyo inavyosikika chombo kinapoingia ndani ya kuba la sumaku la sayari na kutoka upande wa pili. Kifaa cha kupima sumaku, kilichosimamiwa na Margaret Kivelson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kikasema jambo lilelile. Ganymede ina sumaku yake yenyewe. Mpaka leo hakuna mwezi mwingine unaojulikana kuwa nayo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Yuri Shprits walirudi kwenye data hizohizo za Galileo, wakaonyesha kwamba mawimbi ya hapo yanaweza kuwa na nguvu mara milioni moja kuliko ya sehemu nyingine zilizo umbali uleule kutoka Mshtarii.

Ganymede haina mawingu ya mvua. Haina masika, haina ng'ombe chini ya mti. Lakini mawimbi yake yanaitwa kwa jina la mlio wa radi, na waliojua kuyasoma walijifunzia radi za dunia na setilaiti kama ile iliyotoka Ngomeni.

Sasa, katika hadithi hii yote, sisi tulikuwa nani? Tulikuwa mahali. Unguja ilikuwa mahali pa kuweka mitambo, Malindi ilikuwa mahali pa kurushia. Setilaiti tisa zilitoka pale mpaka ya mwisho mwaka 1988. Karatasi ziliandikwa Iowa na Roma. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya uangalizi, TAIFA-1, na ilibidi isafirishwe mpaka California ikarushiwe huko. Miaka hamsini nyuma Wamarekani walileta zao Kenya. Silaumu mtu, roketi ni gharama. Ninachosikitikia ni kwamba habari yenyewe haikutufikia. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne na hakuna aliyewahi kutaja Explorer 45. Ningeijua hosteli ile, ningewaambia: radi yetu mnayoicheka ndiyo iliyowafundisha watu kusikiliza anga.

Na kama ni mashindano ya radi, hatushindi hata jirani. Utafiti uliotumia vipimo vya setilaiti vya miaka 16, uliochapishwa mwaka 2016, uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani, mimuliko 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Afrika ikaongozwa na Kabare, mashariki mwa Kongo, mimuliko 205. Ni ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu, milimani. Sababu ni milima mirefu, unyevu wa maziwa na joto la mchana. Vitu ambavyo na sisi tunavyo, uwanda mrefu wenye Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande mwingine, miti michache, na watu wanaolima wima peupe saa tisa alasiri. Ukisimama peupe uwandani, wewe ndiye mti. Hakuna anayehitaji kukutuma kitu.

Hasira yangu iko hapo. Oktoba 2018, Geita, radi iliua wanafunzi sita wakiwa shuleni. Fimbo ya chuma juu ya paa na waya mnene unaoshuka ardhini si teknolojia ya Mshtarii. Fundi wa mtaani anaweza kufunga akielekezwa vizuri. Lakini kijiji kinachotumia mchana mzima kutafuta aliyetuma radi hakibaki na muda wa kuuliza kwa nini paa la shule halina waya. Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na kwenye mkutano ule hakuna aliyetaja. Walitazama tu.

Kuna kitu kidogo ambacho kingewezekana. Usiku, kwenye nchi za joto, radi za mbali hutoa mlio mfupi kama wa kifaranga, na kipokezi cha kuusikia kinatengenezwa kwa waya na vipande vichache vya elektroniki. Adui wake mkubwa ni mvumo wa nyaya za umeme, kwa hiyo inabidi uende mbali na nguzo za TANESCO. Kwa mara ya kwanza vijiji vyetu vingekuwa na faida kwa kuwa mbali na nguzo. Chombo cha Ulaya kinachoitwa JUICE kiko njiani tangu Aprili 2023. Kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031, na baadaye kuizunguka Ganymede yenyewe, kikiwa na vifaa vya kusikiliza mawimbi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Sumbawanga mwaka kilipoondoka atakuwa sekondari kitakapofika. Ningependa awe ameshasikia radi ya kwao kwenye spika kabla hajasikia ya huko.

Masika iliyopita nilikuwa nyumbani. Mvua ilipoanza kunguruma mama alichomoa televisheni, akafunika kioo kwa kanga, akaniambia, "Zima na hiyo redio yako, we mtoto." Nikamwomba dakika mbili. Niliiweka masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, na kila ilipomulika juu ya Mbizi redio ilikwaruza. Mama akasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Kwa hiyo hiyo ndiyo inakwenda huko juu?" Nikamwambia ndiyo, nyingine zinafika.

Kabla ya kurudi kazini nilimpigia simu mwenyekiti wa kile kijiji. Alinikumbuka. Nikamwuliza habari za yule mama. Akasema bado yuko kwa binti yake, afya si nzuri sana. Nikamwuliza na shamba lake lililokuwa na ugomvi wa mpaka. Akasita kidogo, kisha akasema linalimwa. "Na nani?" nikauliza. "Na mwenye ng'ombe," akajibu.